Mwachie Kitambaa Kitembee

Wakati shirika letu lilipotuomba kurasa chache juu ya desturi za kwetu, wenzetu walifikiri tutaandika juu ya ngoma, mahari au majina ya mapacha. Mambo yale yamekwisha kuandikwa na watu wanaoyajua kuliko sisi. Sisi tumechagua blanketi ya viraka na mashini ya kushona. Tulipotaja kichwa hiki katika mkutano, mzee mmoja alicheka: "Mwalimu, mashini ni kitu ya wazungu. Desturi iko wapi pale?" Swali lake ni zuri, na ni vema tuanze nalo.

Kabla ya vikwembe, watu wa upande huu, kutoka Kasai mpaka Maniema, walivaa nguo za rafia. Jani la rafia lina urefu wake, na uzi hauwezi kupita urefu wa jani. Kwa hiyo kila kipande kilichotoka katika kitanda cha kufumia kilikuwa kifupi, na aliyetaka nguo kubwa alilazimika kuunga vipande. Kwa Wakuba wa Kasai wanaume ndio walifuma na wanawake wakatia nakshi kwa sindano, na nguo ilitwangwa kinuni ili ilainike. Vipande vile vilitumika hata kama feza sokoni. Baadaye ikaja merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani kwa meli mpaka Unguja, kisha juu ya vichwa vya wapagazi mpaka Kasongo na Nyangwe. Basi kuunga vipande si jambo la jana huku kwetu. Mgeni ni mashini, na mgeni akikaa miaka mia moja katika kijiji, watoto wake huzikwa pale pale.

Blanketi ya viraka yenyewe ilitufikia kwa njia ya misioni. Wamethodisti wa Marekani walifungua Wembo Nyama mwaka 1914, halafu wakafika Tunda. Kanisa lao lilikuwa lile la majimbo ya kusini ya Marekani, mahali ambapo blanketi za namna hii ni kazi ya zamani ya wanawake. Mama yetu alijifunza kwa mabibi wa misioni akiwa msichana: kwanza kushona kwa mkono, halafu kwa mashini ya pedali. Baba alimnunulia Singer nyeusi kutoka Kindu. Ilikuja kwa treni mpaka Kibombo, na kutoka Kibombo ikafungwa juu ya kinga mpaka Tunda. Katika nyumba yetu mashini ile iliheshimiwa kuliko kabati. Hatukuruhusiwa kuweka hata sahani juu yake.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, tueleze kidogo. Blanketi ina matabaka matatu. Juu ni viraka vilivyoungwa. Katikati ni kitu cha joto, kwetu mara nyingi blanketi ya zamani iliyochakaa. Chini ni kitambaa kizima. Kuunga viraka ni kazi ya mstari ulionyooka, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ugumu unaanza wakati wa kushika matabaka yote matatu pamoja kwa mishono inayozunguka huku na kule, kama njia ya konokono ukutani. Mama aliita kazi hii "kuandika". Alisema: "Leo ninaandika," na sisi tulijua kwamba siku ile hakuna kumsumbua.

Katika kushona kwa kawaida, mashini ina meno madogo chini ya sindano. Meno yale yanavuta kitambaa, na mguu wa mashini unakikandamiza kutoka juu. Fundi anaongoza tu. Lakini meno yanajua njia moja peke yake, mbele. Anayetaka kuandika anashusha meno, anatoa mguu, na kuanzia pale mikono yake miwili ndiyo inasogeza kitambaa kila upande. Ni sawa na kuandika jina lako kwa kalamu iliyofungwa mezani, huku unasogeza karatasi chini yake. Tumewajaribu wanafunzi wetu kwa mchezo huu darasani. Wanacheka sana wanapoona herufi zao.

Hapa ndipo jambo letu lilipo. Kitambaa kikitembea vizuri, mshono unakuwa mzuri. Kikikwama hata kidogo, mkono unavuta, na mkono ukivuta, sindano inapinda.

Vita vya mwaka 1998 vilitukuta nyumbani. Kindu ilikwisha kuanguka mwezi wa kumi, na habari zilitufikia pamoja na watu waliokimbia. Tulipoona lazima tuingie msituni, Mama alifungua kichwa cha mashini kutoka mezani, akakifunga ndani ya vikwembe viwili na mfuko wa plastiki, na baba akakizika katika shamba la muhogo. Meza na miguu ya chuma vilibaki nyumbani. Yaya yetu, kifungua mimba, hakuwa pamoja nasi. Alikuwa ameenda upande wa Kindu na kinga yake, kuuza mchele na kuleta chumvi. Hatukumwona tena mpaka leo.

Mwaka 2003, serikali ya mpito ilipoingia na watu walipoanza kulala majumbani mwao bila woga, sisi tulikuwa tukisoma pedagojia Kindu, idara ya fizika. Wakati wa kiangazi tulirudi Tunda. Tulikuta Mama amefukua mashini. Amekwisha kuunga viraka vyote vya juu kwa mkono, kwa sababu mashini haikuwa bado imeamka. Vilikuwa viraka vya nyumba yetu yenyewe: kikwembe cha nyanya, suruali ya baba, gauni ambalo dada yetu alibatiziwa, mfuko wa kitambaa tuliobebea unga msituni. Na katikati kabisa, kipande cheupe. Hatukuuliza. Shati jeupe na suruali ya bluu ni mavazi ya masomo katika Kongo nzima, na shati la yaya lilikuwa lile moja tu lililobaki nyumbani.

Mashini ilikuwa katika hali ya huzuni. Uso wa chuma, ule ambao kitambaa kinalala juu yake, ulikuwa umekula kutu, una vidonda kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Kifungo cha kushusha meno kilikuwa kimekwama. Meza ya zamani ilikwisha kuwa kuni za watu tusiowajua. Seremala wa jirani alikuwa ametengeneza nyingine ya mbao ngumu, lakini hakuwa na randa nzuri, na tundu alilotoboa lilikuwa na kina kidogo. Kichwa cha mashini kilisimama juu ya mbao kwa upana wa kidole kizima. Kila mara ukingo wa blanketi ulipofika pale, ulijikwaa.

Mtu angetazama vile angesema: tengenezeni kwanza, halafu mshone. Lakini Mama alikuwa na haraka. Alikuwa amejiwekea akilini kwamba blanketi imalizike kabla ya mvua za mwezi wa tisa, na alipokuwa na neno kama lile akilini hakuna aliyeweza kumshauri. Alifunika meno kwa karata ya kuchezea aliyoitoboa tundu la sindano. Alifungasha matabaka kwa pini, tokea katikati kwenda pembeni. Alituita: sisi, dada yetu na watoto wawili wa shangazi. Blanketi ilikuwa kubwa, ya kitanda cha watu wawili, na nzito kwa sababu ya ile blanketi ya ndani. Ilining'inia kushoto kwa meza mpaka chini. Basi tukafanya kile ambacho kila mtoto mwenye adabu angefanya: tulishika pembe nne, tukainua.

Sasa hapa lazima tujicheke. Tulikuwa tumetoka kufanya mtihani juu ya msuguano. Tulijua kuandika ubaoni kwamba nguvu ya msuguano inaongezeka kadiri vitu viwili vinavyokandamizana. Hatukuona kwamba watu wanne wanaoshika kitambaa kimoja ni watu wanne wanaokivuta, kila mmoja upande wake, hata kama kila mmoja anadhani anasaidia. Mama alipotaka kwenda kulia, yule wa kushoto alichelewa. Alipotaka kurudi, sisi tulikuwa tumekaza.

Na kazi ya blanketi ya mashini inaanzia katikati. Katika India, jimbo la Karnataka, wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya bahari karne nyingi zilizopita. Wanawake wao wanashona blanketi za viraka ziitwazo kawandi. Wao wanaanzia pembeni na kuzunguka mpaka katikati, na kwenye pembe nne wanatia vipande vidogo wanavyoviita phula, yaani ua. Wanaweza kwa sababu wanashona kwa mkono: kitambaa kimelala, sindano ndiyo inatembea. Kwa mashini, ukianzia pembeni, kitambaa kinasukumwa na kujikusanya katikati, na unamaliza na mikunjo. Kwa hiyo Mama hakuwa na la kuchagua. Mshono wa kwanza, siku ya kwanza, juu ya mashini yenye kutu, ulipaswa kupita juu ya shati la yaya.

Alizungusha mara tatu vizuri. Mara ya nne ukingo ulijikwaa kwenye ule ubavu wa chuma, sisi tukainua zaidi ili kuukwamua, Mama akavuta upande wake. Sindano ilipinda, ikapiga sahani ya chuma, ikakatika. Shati lilipasuka urefu wa kidole cha kati.

Mama hakusema kitu. Aliondoa mguu juu ya pedali, akafunika mashini kwa kikwembe, akaenda mtoni. Sisi tulibaki tumeshika pembe nne za blanketi, hatujui mahali pa kuiweka.

Siku tatu hakuna aliyeigusa. Siku ya nne baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwita seremala arudi. Tundu likaongezwa kina mpaka uso wa mashini ukawa sawa na uso wa mbao. Ukipitisha kiganja huku umefumba macho, hujui chuma kinaishia wapi. Kwa maoni yetu, hili lilisaidia kuliko yote mengine tutakayoyasema. Mbao zilisuguliwa kwa papye de vere, halafu kwa mshumaa, zikafutwa kwa kitambaa kikavu mpaka zikateleza. Mshumaa mmoja mzima uliisha, na siku zile mshumaa ulikuwa na bei Tunda.

Kutu tulikiondoa sisi, kwa petroli ya taa na majivu laini yaliyochekechwa. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Vidonda vya chuma havikuisha, lakini midomo yao haikuwa tena na makali. Petroli ile ile ilifungua na kifungo cha meno. Jirani mmoja alishauri tupake mafuta ya mawese ndani ya mashini. Msomaji, usikubali. Mawese yanaganda ndani, yanashika vumbi, na yanatia doa lisilotoka. Tulingoja mpaka tukapata kichupa cha mafuta ya mashini kutoka Kindu.

Kuhusu uzito wa blanketi, jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: madawati ya masomo. Tuliazima mawili, moja kushoto kwa mashini, moja nyuma, yote kwa kimo cha meza. Blanketi haikuning'inia tena popote. Mama hakuikunja wala kuiviringisha kama mkeka; aliiacha imelala imelegea, na karibu na sindano akaacha nafasi iliyolegea kama sahani ya fufu. Ile ndiyo aliyoitembeza. Ikiisha, anasimamisha pedali na sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, anavuta nafasi nyingine, anaendelea. Na sisi wanne? Alitutuma kuchota maji.

"Mwachie kitambaa kitembee," alisema. "Nyinyi muko munashika kama muko munakamata mwizi."

Mambo ya mikono alitufundisha baadaye, miaka ile tulipokuja kila likizo. Kosa la mwanafunzi ni kukandamiza. Anaogopa kitambaa kitamtoroka, anakisukuma chini kwa nguvu, na kwa kufanya hivyo anakifunga mwenyewe juu ya chuma. Mkono unapaswa kuwa mwepesi, lakini mkono mwepesi na wenye jasho unateleza peke yake bila kitambaa. Mama alikata pete nyembamba za shambreri ya kinga, akavaa moja kwenye kila kidole, vidole viwili vya kila mkono. Raba inashika bila kukandamiza. Tumeona siku hizi kwenye simu kwamba wanawake wa Ulaya na Marekani wananunua glavu zenye raba kwa kazi hii. Za Mama zilitoka katika shambreri iliyopasuka ya muuza mchele.

Tena kuna miguu. Kwa pedali, mguu unapiga sawasawa na mkono unafuata ule mdundo. Mkono ukikimbia na mguu ukilala, mshono unakuwa mrefu kama hatua za mbuni. Mguu ukikimbia na mkono ukisita, mishono inarundikana mahali pamoja. Na ule mkono mdogo wa nyuma unaoshusha mguu wa mashini, lazima ushushwe hata kama mguu wenyewe umetolewa, kwa maana ndio unaokaza uzi. Ukiusahau, juu utaona mshono mzuri na chini utakuta kiota cha ndege. Sisi tumekisahau mara nyingi kuliko tunavyopenda kuandika hapa.

Wanga wa muhogo, ule mwepesi, uliopakwa kwenye kitambaa cha chini na kupigwa pasi, unasaidia sana: kitambaa kinakuwa kama karatasi. Majira nayo yana neno. Siku ya mvua kitambaa kinakunywa unyevu na kunata, kwa hiyo Mama aliandika wakati wa kiangazi tu, asubuhi, kabla ya mikono kutoka jasho. Kiongezo chetu sisi ni kimoja. Rafiki anayefanya kazi hospitalini alitupa filamu ya zamani ya radiografi. Tuliilowesha katika javel mpaka picha ikafutika na plastiki ikabaki safi, tukatoboa tundu dogo la sindano, tukaibandika juu ya vidonda vya chuma kwa utepe. Kitambaa kinapita juu yake kama mtumbwi juu ya maji. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kifua kile kilikuwa cha nani.

Kuhusu mpasuko wa shati. Dada yetu alitaka kuweka kiraka juu yake. Mama alikataa. Meza ilipokuwa tayari alikaa asubuhi moja, akaanza pale pale katikati, akaandika juu ya mpasuko kwa uzi mweupe, mizunguko midogo midogo, karibu karibu, mpaka pale pakawa pagumu kuliko mahali pengine popote. Ukitazama kwa macho huoni kitu. Ukipitisha mkono unapajua mara moja. Blanketi ilimalizika wiki mbili baada ya mvua kuanza, siyo kabla, na Mama hakutaja tena lile neno la mwezi wa tisa.

Leo baba hayupo. Mama yupo, lakini macho yake yana mtoto wa jicho na haoni uzi. Blanketi inalala kitandani mwake. Mashini iko kwetu, na meza ni ile ile ya seremala wa 2003. Baadhi ya wasichana wa masomo, na mvulana mmoja ambaye wenzake walimcheka kwa wiki moja kisha wakaacha, wanakuja Jumamosi kujifunza. Hatuna blanketi za zamani za kutosha kutia ndani, basi wanaandika juu ya vitambaa vidogo vya meza. Wengine wanashona haraka na vizuri kuliko sisi. Yule mvulana, kwa mfano, hakuhitaji kuambiwa habari ya kukandamiza. Mikono yake ilikuja na akili yake.

Kiangazi kilichopita tulianza blanketi yetu ya kwanza kamili, ya mjukuu wa Mama aliyezaliwa Kindu. Mama aliletewa kiti barazani, karibu na dirisha, mgongo kwa mashini. Tulidhani amesinzia. Tulikuwa katikati ya mzunguko, blanketi imelala vizuri juu ya madawati, na hatukuona kwamba pembe moja imeanguka na inaning'inia.

"Uko unavuta," alisema kutoka barazani.

"Mama, unaonaje na umetupa mgongo?"

"Nasikia mashini. Sindano iko inalia."

Tulisimamisha pedali, tukainua pembe, tukairudisha juu ya dawati.